Siku Nilipokitetea Kisomeo cha Bibi

Mpaka leo nikisikia mtu anajaribu maiki, ile "halo, halo, tunajaribu", masikio yananiwaka moto na natafuta pa kujificha, na wale mnaonijua mnajua sababu, maana nusu yenu mlikuwepo pale Kisanga mnakula pilau. Kwa ambao hamkuwepo, bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na watu wa Mikumi, ambao kila wakisimulia wanaongeza chumvi, wengine wanasema nilizimia (sikuzimia, ingawa ningezimia ingekuwa nafuu kwa kila mtu).

Bibi yangu mzaa baba, Bi Mwanaidi, alijifunza kusoma akiwa tayari ana watoto, kwenye madarasa ya watu wazima, na tangu hapo akawa msomaji kutuzidi sisi wote tuliolipiwa ada. Alikuwa anasoma kila kitu, kuanzia vitabu vya hadithi mpaka gazeti lililofungiwa vitumbua, na ukimletea mbegu za mahindi anasoma kwanza maelezo ya kwenye mfuko, mpaka chini kabisa, kabla hajakukaribisha maji. Babu alipofariki akabaki peke yake Kisanga na kuku wake na kipande chake cha mpunga. Baba Mkubwa na Shangazi Rehema (ambaye ndiye ninayeishi kwake Mikumi) wakaanza kumsihi ahamie mjini, kila Idi wanamsihi, na kila Idi anawajibu vilevile: "Siku nikishindwa kusoma mwenyewe, njooni mnibebe. Kabla ya hapo mtu asiniguse." Ikawa kama mkataba. Bibi anasoma, kwa hiyo Bibi anakaa kwake.

Sasa mwaka jana akaanza kulalamika kwamba herufi za siku hizi ni ndogo. "Wanabania wino," aliniambia, na mimi nikakubali moja kwa moja, tena nikaongeza na maelezo yangu kuhusu wachapishaji na bei ya karatasi. Niseme hapa kwamba mimi sikubali vitu kirahisi. Nimesoma sosholojia, nimehitimu, kwa sasa nachapa na kuprinti wasifu wa watu wengine wanaotafuta kazi kwenye steshenari moja pale Mikumi, na Shangazi husema mimi hata nikiambiwa mvua inanyesha lazima nitoe mkono dirishani. Ni kweli. Lakini hilo la herufi ndogo sikulitolea mkono dirishani.

Nikapata wazo: tumnunulie Bibi kifaa cha kusomea vitabu, kile ambacho unakuza herufi mpaka neno moja linajaza kioo ukitaka. Akiweza kusoma, hakuna wa kumhamisha. Familia ikachanga, na kwa kuwa mimi ndiye msomi, nikaachiwa kuchagua.

Jamani, nilichagua! Nilisoma maoni ya watu wa nchi nzima na nchi nyingine, nikaangalia video za watu wanaofungua maboksi, nikaanza kuongea mwenyewe dukani. Shangazi alitaka tununue kishikwambi, kama kile walichogawiwa walimu, na mimi nikasema hapana, kishikwambi kinawaka kama tochi, kinaumiza macho, chaji haikai, na nyumbani kwa Bibi umeme ni ule wa sola ya taa mbili. Nikasema tununue kisomeo (sisi nyumbani tuliishia kukiita hivyo), chenye kioo kinachofanana na karatasi, hakiwaki, unasoma hata juani kama unasoma kitabu, na ukikichaji unaweza kusahau chaja iko wapi.

"Kishikwambi kinasoma kwa sauti," akasema Shangazi. "Cha jirani yetu mwalimu kinasoma. Kinasoma kama mzungu aliyeshuka jana, lakini kinasoma."

"Shangazi, kusomewa siyo kusoma. Kama ni kusomewa, si ana redio?"

"Nani kakwambia mama yangu anataka nini?"

"Kwani wewe nani kakwambia?"

Akanitazama, akarudi kwenye sufuria yake. Nikahesabu kwamba nimeshinda.

Lakini mimi ni mtu wa ushahidi, kwa hiyo Jumapili moja nikaazima kishikwambi cha huyo mwalimu, nikaazima na kisomeo cha kijana mmoja anayetembeza watalii mbugani, nikapanda bodaboda na vifaa vyote viwili kifuani mpaka Kisanga. Nikamkuta Bibi amekaa kwenye mkeka barazani, ameweka ungo mapajani, anachagua mchele kwa vidole, uso ameuelekeza barabarani. (Hilo la vidole niliona. Nikaona ni uzoefu.)

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Leo umekuja na mizigo, umeachika?"

Nikamweleza. Nikampa kishikwambi, akakipapasa, akasema kizito kama sahani ya udongo. Nikampa kisomeo, akakipima mkononi, akasema hiki chepesi. Halafu akauliza, "Kinasema?"

"Kipi, Bibi?"

"Hiki chepesi. Kinasema?"

"Hakisemi. Hiki ni cha kusoma. Kuna aina yake nyingine inayosema, lakini hiyo ni ya watu wavivu."

Vidole vyake vikarudi kwenye mchele. "Basi sawa," akasema. "Wewe ndiye unayejua."

Nikaandika kwenye simu: mtumiaji ameridhika na chepesi. Na ile aina ya tatu, kisomeo chenye sauti, ambacho nilikuwa bado nakifikiriafikiria, nikakikata hapohapo. Uamuzi mdogo tu, kama kukataa sukari kwenye chai.

Kifaa kilitumwa kwa basi kutoka Dar es Salaam, kikafika Mikumi siku moja kabla ya arusi ya Zuhura, binti wa Baba Mkubwa, ambayo ilikuwa inafanyika hukohuko Kisanga uwanjani kwa Bibi. Nikakijaza hadithi, nikakuza herufi, nikakizima, nikakirudisha kwenye boksi na kulifunga karatasi ya maua. Kama ningekuwa na akili ningempa Bibi chumbani, sisi wawili. Lakini Shangazi angekuwepo, Baba Mkubwa angekuwepo, ukoo mzima ungekuwepo, na mimi nilitaka waone. Nikaenda kumnong'oneza emsii.

Arusi ilikuwa nzuri, sitawadanganya. Ndoa ilifungwa asubuhi, mchana watu wakala, na jua lilipoanza kulegea tukaingia kwenye zawadi, turubai limejaa, spika zinapiga mpaka kuku wa Bibi wamekimbilia kwa jirani. Bibi alikaa kiti cha mbele karibu na bibi arusi, amevaa doti jipya na ile miwani yake ya siku zote. Emsii akasema kuna zawadi maalumu kutoka kwa mjukuu msomi, akanipa maiki, na mimi, badala ya kusema "Bibi, pokea", nikatoa mhadhara. Nikaeleza kuhusu macho. Nikaeleza kuhusu kioo kisichowaka. Nikasema, huku namwangalia Shangazi, kwamba wapo waliotaka vitu vya kung'aa na kupiga kelele, lakini Bibi yetu ni msomaji, na msomaji hapewi redio. Emsii akaanza kunionyesha ishara za kukatisha, nikafungua boksi harakaharaka nikampa Bibi kifaa mkononi, watu wakapiga makofi, na mimi nikasahau kitu kimoja kidogo, ambacho mtakiona.

"Bibi atusomee kidogo!" akapaza sauti emsii. "Jamani, tunataka hatutaki?"

"Tunataka!"

Bibi akarekebisha miwani. Akakinyanyua kisomeo mbele ya uso wake, mgongo wa kifaa ukiwa upande wangu, akaanza. Alisoma hadithi ya mwanamke aliyelinda shamba lake la mpunga kwa kuimba, ndege wakashindwa kula kwa sababu walikuwa wanasikiliza. Alisoma vizuri mno, pale pa kupumua anapumua, pale pa kuimba anaimba, kidole kinapita kwenye kioo kana kwamba anafungua ukurasa. Wanawake wakapiga vigelegele. Baba Mkubwa akatikisa kichwa kwa kuridhika, nikamwona anamwambia mwenzake, "Unamwona mama? Bado yupo." Nikamtazama Shangazi, naye alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya khanga, nikajisikia mrefu kuliko nguzo ya turubai. Halikunijia hata wazo la kujiuliza hiyo hadithi niliipakia lini.

Hapo ndipo akaingia Mzee Masanja.

Mzee Masanja ni jirani wa Bibi, Msukuma, alifika Kisanga na ng'ombe zake kabla mimi sijazaliwa, na kwa kuwa sisi na wao ni watani, yeye na marehemu Babu waliishi miaka yote hiyo kwa kutukanana. Mtani kwenye shughuli anaruhusiwa mambo ambayo mwingine angepigwa: anachukua kitu cha mwenye shughuli, anakishikilia, na hakirudi mpaka kikombolewe, na wewe hutakiwi kukasirika. Basi akatoka huko nyuma na kofia yake, akafika mbele, akakinyakua kisomeo mkononi mwa Bibi.

"Mali ya mtani ni yangu!" akapiga kelele. "Nikombolewe kwa mguu wa mbuzi! Watu wa huku mnajua kusubiri mafuriko yawaletee samaki tu, kusoma mmeanza lini?" Watu wakacheka. Akakigeuza akakitazama, akakiinua juu watu wote waone. "Jamani! Mtani wangu anasoma paka!"

Ni kweli. Kwenye kioo palikuwa na picha ya paka amelala. Hakuna neno hata moja, ni paka tu.

Kicheko kilichopasuka hapo kilisikika nadhani mpaka relini. Na Bibi, mnajua alifanya nini? Hakubabaika hata kidogo. Akacheka na yeye, akasema, "Umeshakibonyeza, mla michembe ya viazi wewe! Vidole vya kukamulia ng'ombe unashika navyo vitu vya watu wasomi! Umefuta ukurasa wangu!"

Kicheko kikamgeukia Mzee Masanja. Akajitazama vidole, akaigiza kulia, akapiga magoti. "Nimeua kitu cha watu! Nitalipa ndama!" Emsii akadaka, "Ndama amepatikana, andikeni!" Muziki ukaanza kurudi. Na mambo yangeishia hapo. Nataka mlielewe hilo vizuri, mambo yalikuwa yameisha, Bibi alikuwa ameyamaliza.

Ila nyuma yangu nikasikia mtu anasema, "Nilijua tu, vitu vya mtandaoni hivi, ameuziwa kanyaboya, kuguswa kidogo kimekufa." Mwingine akasema, "Na alivyojitapa!" Na Shangazi, wala hakuwa na ubaya, akaniambia, "Usijali mwanangu, tutanunua kile kingine."

Tutanunua kile kingine! Mimi, niliyesoma maoni ya nchi nzima!

Nikaichukua maiki mkononi mwa emsii.

"Samahani, samahani, zimeni muziki kidogo," nikasema. "Naomba nirekebishe jambo. Kifaa hiki hakijaharibika. Mzee Masanja hajabonyeza chochote, na hata angebonyeza, hakiwaki kwa kubonyeza kioo, kina kitufe chake hapa chini. Hii picha ya paka siyo hitilafu. Vioo vya aina hii, ukizima kifaa, vinabaki na picha, hata mwezi mzima, ndiyo ubora wenyewe. Kwa hiyo kifaa ni kizima kabisa. Ni kwamba tu kilikuwa bado hakijawashwa. Tangu jana nilipokifunga kwenye boksi hakijawashwa."

Nikasubiri makofi.

Sijui kama mmewahi kusikia watu wengi wakielewa kitu kwa pamoja. Mwanzo wakanyamaza wa mbele, halafu wa katikati, halafu mpaka wale wa kwenye masufuria, ikabaki spika inaunguruma peke yake. Mimi nilikuwa wa mwisho kuelewa, na maiki bado ilikuwa mdomoni kwangu. Kama hakijawashwa tangu jana, basi Bibi alikuwa anasoma nini? Na kama alikuwa ameshika picha ya paka mbele ya macho yake muda wote ule na hakuiona, basi nini kingine haoni?

"Mke mwenzangu," akasema Bibi taratibu, uso ameuelekeza pembeni kidogo ya pale niliposimama. "Zima hiyo maiki."

Nikatafuta kitufe sikukipata. Emsii ndiye aliyeizima.

Mzee Masanja alikuwa bado amepiga magoti. Akavua kofia. Akajaribu, Mungu ambariki, akajaribu. "Hata mimi sisomi, mtani," akasema. "Tuko wawili." Hakuna aliyecheka. Bibi akainuka, akaelekea ndani kwake, na kila mtu akatazama anavyotembea: mkono unatangulia kutafuta nguzo, mguu unaulizia ngazi kabla ya kukanyaga. Nilikuwa nimeuona mwendo huo mwaka mzima. Nilidhani ni uzee.

Zuhura alikuwa anatazama hina kwenye mikono yake. Ilikuwa arusi yake.

Nilimfuata Bibi chumbani nikamkuta amekaa kitandani. Nikaanza kuomba msamaha, nikaomba kwa sentensi ndefu kama kawaida yangu, akaniacha nikamaliza.

"Nilikuuliza kama kinasema," akasema.

"Ndiyo Bibi."

"Ukanijibu vizuri sana. Ukanieleza na watu wavivu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungekaa nalo? Wewe?" Hakusema kwa hasira. Alikuwa anauliza. "Nilitaka nifundishwe hadithi na hicho kinachosema, nizishike kwa moyo kidogokidogo, nyumbani kwangu. Watu wakipita wasikie hadithi, wajue Mwanaidi anasoma. Ningevuna mpunga wa mwaka huu, na wa mwakani."

Baba Mkubwa akaingia na Shangazi. Hawakugomba. Baba Mkubwa akasema tu, kwa sauti ya chini, "Mama, ulisema mwenyewe." Bibi akajibu, "Nilisema." Basi. Watu walioshindana Idi zote zile walimaliza kwa maneno hayo.

Hospitali ya Morogoro walisema ni presha ya macho, ya siku nyingi, imeshakula sehemu kubwa na iliyoliwa hairudi, ila kuna matone ya kulinda kilichobaki. Kwa hiyo watu wananifariji. Wananiambia afadhali ilijulikana, usingesema angepofuka kabisa. Ni kweli, na mimi siwezi kupinga jambo la kweli. Lakini nikijiuliza usiku kama niliichukua ile maiki kwa ajili ya macho ya Bibi, najijua. Niliichukua kwa ajili ya kifaa. Kama ningemtazama yeye nusu ya nilivyotazama zile video za maboksi, angepata daktari bila kupata hadhara.

Sasa Bibi anaishi nasi Mikumi, kwenye chumba kinachotazama barabara kuu, malori yanapita mpaka madirisha yanatetemeka, na anasema malori hayo hayana hata adabu ya kusalimia. Shamba analima mtu mwingine. Kuku wako kwa Mzee Masanja, ambaye kila wiki anamtumia maziwa ya mgando kwa bodaboda pamoja na matusi mapya, na dereva analazimika kuyatamka yote neno kwa neno mbele ya mlango.

Shangazi alitaka kununua kile kinachosema. Bibi akakataa. Akasema kisomeo kilichopo kinatosha, kisitupwe. Kwa hiyo kila jioni nikitoka steshenari nanawa, nakaa chini miguuni pake, nakiwasha (kwanza nakiwasha, na anauliza, "Umekiwasha?", na nyumba nzima inacheka, na nastahili), halafu namsomea mpaka sauti inakauka. Mimi niliyesema kusomewa siyo kusoma. Nikipita haraka ananirudisha, nikianza kueleza maoni yangu kuhusu mwandishi ananigusa bega kwa kidole, maana yake endelea kusoma.

Nimeapa mambo mawili. La kwanza, maiki sitaishika tena, hata kwenye arusi yangu mwenyewe, ikitokea. La pili ni gumu zaidi: mtu akiniuliza swali, kabla sijajibu, nimtazame kwanza huyo anayeuliza. La pili bado linanishinda. Wiki iliyopita nilichelewa kurudi kwa sababu nilikuwa nabishana na mteja kuhusu jambo ambalo hata silikumbuki, nikafika giza limeshaingia, nikasikia kutoka barazani Bibi anamlalamikia Shangazi.

"Rehema, hebu nenda kaangalie barabarani. Kisomeo changu leo kimechelewa."